Punje Zisizorudi Guniani

Mama,

Nimepata B ya hesabu.

Nimeanza na hilo kabla hata ya kukuamkia, kwa sababu najua ungenikata katikati ya shikamoo na kuuliza, "Enhe, hesabu?" Basi ndiyo hiyo. Siyo D ya kuponea, wala C ya kushukuru Mungu na kunyamaza. Ni B, Mama, na Mwalimu Sikazwe anasema darasani kwetu tuliopata alama hiyo hatujazi benchi moja.

Shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nyuma ya nyumba hapa Chanji, upande ule unaopata jua la asubuhi, nimevaa sweta lako la kijani. Ni mwezi wa sita na unaujua upepo wa Sumbawanga mwezi huu. Vidole vimekufa ganzi, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinigombeze. Baba yuko kwenye tanuri la matofali. Eda, kitindamimba wako, amekwenda mashineni kusaga. Nyumba imetulia, nami nimeona niandike sasa.

Sijawahi kukuandikia. Tulipotoka kukuzika, padri aliniambia niwe naongea nawe katika sala. Nimejaribu, Mama. Kila nikianza nalia, na nikishalia nasahau nilichotaka kusema. Karatasi ina subira zaidi. Nikilia inaningoja, halafu naendelea.

Acha nianzie pale ulipotuacha.

Ulipofariki nilikuwa kidato cha tatu, na tangu wiki ile niliacha kunyoosha mkono darasani. Hakuna aliyenikataza. Niliogopa sauti yangu tu, maana nilikuwa sijui ikitoka itatoka kama swali au kama kilio. Kwenye Kiswahili na Jiografia mtu anaweza kunyamaza na bado akasoma peke yake. Kwenye hesabu nilinyamaza wiki moja, nikashindwa kuelewa ya wiki iliyofuata, na ile iliyofuata nikawa nanakili ubaoni kama mtu anayechora maua. Mwisho wa mwaka nikapata F. Ile namba yenyewe sikuandikii. Inatosha ujue kwamba ilikuwa ya tarakimu moja.

Habari zikafika Matai. Shangazi Yustina akaja na gunia la unga na maneno yake. Akakaa kwenye kigoda chako, akamwambia Baba mbele yangu: "Kaka, mtoto ameshakuwa mkubwa, mama hayupo, na hesabu zimemkataa. Nipe anisaidie pale mgahawani. Chapati haziulizi cheti." Unamjua wifi yako. Hakusema kwa ubaya. Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kumhurumia kuku mgonjwa.

Baba alikuwa anakwangua saruji kwenye mwiko wake wa kujengea, akakwangua mpaka nikadhani ataumaliza mwiko wenyewe. Kisha akasema, "Tungoje mtihani wa kidato cha nne. Akifaulu hesabu, anaendelea na shule. Akipata F nyingine, atakuja Matai." Shangazi akaridhika, mimi nikainua ndoo nikaenda bombani. Njiani nilikuwa najiambia, maisha yangu yote sasa yamefungwa kwenye herufi moja.

Mama, nataka kukuambia jinsi nilivyoifungua, kwa sababu mkono wako umo. Umo pia kwenye kosa langu kubwa.

Unakumbuka Jumamosi za sokoni? Mtu asiyekujua angedhani unachoma magunia ya watu kwa hasira. Lile bambo la chuma, lenye mfereji katikati na ncha kali, ulilichomeka ubavuni mwa gunia na maharage yakateremka yenyewe kwenye kiganja changu. Wanunuzi wengine walichoma mara moja tu, hapo juu karibu na mshono, wakasema mazuri, pakia. Wewe ulichoma juu, ukachoma katikati, kisha ukapiga goti na kuchoma chini kabisa. "Wanajua watu wanachoma wapi," uliniambia, "ndiyo maana mazuri yote wameyapanga pale." Ukayamwaga kwenye ungo, ukatenga yaliyotobolewa na wadudu, yaliyovunjika, na ya njano yaliyojichanganya na yale ya kablanketi yenye mabaka. Hukuandika chochote. Ulitazama, ukajua gunia zima likoje.

Halafu, kabla ya kutaja bei, ulirudisha kila punje kwenye gunia la mwenyewe. Hata iliyodondoka uliinama ukaiokota. "Haya si yetu mpaka tulipe," ulisema. Kuna siku nilisahau mbili mfukoni ukanirudisha kutoka kituo cha basi mpaka sokoni, na yule mzee wa Kaengesa akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nilikasirika. Lakini jambo lilikwishaingia damuni: unachokitoa guniani ili kupima, lazima kirudi guniani.

Sasa sikiliza. Mtihani wa majaribio wa kidato cha nne ulipofika, nilikuwa nimejikaza kusoma takwimu na uwezekano, kwa sababu niliambiwa ndizo mada zenye huruma. Kukawa na swali la mfuko wenye mipira kumi, saba myekundu na mitatu myeupe. Unachomoa mmoja, halafu wa pili, bila kuurudisha wa kwanza. Kuna uwezekano gani yote miwili iwe myeupe? Nilifurahi, Mama. Nikajiona niko sokoni. Nikaandika tatu ya kumi, mara tatu ya kumi, nikapata tisa ya mia, nikaipigia mstari kwa rula. Na maswali mengine mawili ya namna hiyo nikayafanya vivyo hivyo, kwa furaha vivyo hivyo. Yote matatu yakapigwa mkasi wa kalamu nyekundu. F.

Mwalimu Sikazwe alipokuwa anarudisha karatasi alisimama kwenye dawati langu. Ni mwanamke mfupi, mkali, na hana desturi ya kupayuka. Akasema, "Letisia, simama. Huu mpira wa kwanza, nani kakuambia uurudishe?"

Nikasema, "Mwalimu, lazima urudi."

"Lazima ya nani?"

Nikasema, "Ya Mama."

Darasa likalipuka. Kuna mvulana anaitwa Deo, anayekaa nyuma, akaniita Mrudishaji, na jina likashika siku hiyo hiyo. Mtu akiazima kalamu wanasema, "Usijali, hata usiporudisha, Letisia atakurudishia." Hata mimi leo nacheka. Siku ile nilitaka sakafu inimeze.

Lakini Mwalimu hakucheka. Aliniita mbele, akanipa chaki ambayo sikuitumia, akasema nieleze hiyo lazima ya Mama. Na mimi, ambaye nilikuwa sijasema neno kwenye somo lake zaidi ya mwaka, nikaeleza. Nikawaeleza kuhusu bambo, na juu na katikati na chini, na zile punje mbili na kituo cha basi. Sauti ilikatika mahali pawili, nikangoja, ikarudi. Darasa zima lilikuwa linanisikiliza. Hata Deo.

Mwalimu akasema, "Mama yako alikuwa sahihi sokoni kwake. Alichomeka, akarudisha, na gunia likabaki lile lile. Lakini mwenye swali hili amekukataza kurudisha. Kwa hiyo unapoingiza mkono mara ya pili, mfuko siyo ule tena. Hesabu mipira iliyobaki mle ndani." Nikahesabu kwa sauti: imebaki tisa, na myeupe imebaki miwili. Tatu ya kumi mara mbili ya tisa. Moja ya kumi na tano. Akaniambia kila nikikutana na swali kama hilo, kabla ya kugusa namba, niandike pembeni kwa Kiswahili: inarudi au hairudi? Maneno ya mtihani yawe ya Kiingereza, lakini swali la kujiuliza liwe la kwangu.

Jioni ile nyumbani ilikuwa zamu ya kuchagua wa kuongoza sala. Bado tunafanya kama ulivyotuzoesha, maharage ndani ya kikombe, jeusi likiwa moja, atakayelitoa anaongoza. Zamani tulikuwa wanne na maharage manne, kila mtu robo yake. Tulipobaki watatu Baba aliondoa jeupe moja bila kusema kitu. Eda kwa miezi alikuwa analalamika: "Sala inaniangukia mimi tu siku hizi! Mnanichezea!" Tulimwambia anajidekeza. Jioni ile nilishika kikombe nikaelewa kwamba Eda alikuwa anasema kweli. Tangu ulipoondoka sote tunaitwa mara nyingi zaidi. Ilikuwa robo, sasa ni theluthi. Nilimweleza kwa kumchorea chini, naye akatazama, akasema, "Kwa hiyo ni kwa sababu Mama hayupo." Nikamwambia ndiyo. Akasema basi ataongoza, tena bila kununa, na akaongoza.

Sitaandika zaidi kuhusu jioni hiyo.

Kutoka hapo nilikuwa na miezi mitatu. Nilirudi sokoni. Nafasi yako amepewa Mama Zuhura, yule jirani yako wa meza ya pili ambaye mumewe ana lori. Nilimwomba niwe nakuja Jumamosi mchana kupima magunia. Wenzake walinipokea kwa kelele: "Mwalimu wa punje kaja! We mtoto, gunia zima utalimaliza lini?" Mama Zuhura akawaambia, "Mwacheni. Mama yake alikuwa anahesabu kwa macho, huyu anahesabu kwa kalamu. Nyie mnahesabu kwa mdomo." Wakacheka, wakanipa ungo.

Pale ndipo takwimu zilipoacha kuwa jedwali la vitabuni. Nilipima magunia ya siku nzima, nikaandika kila moja lina mabovu mangapi katika punje mia, nikayapanga kwenye makundi, nikachora nguzo zake kwenye daftari. Nikatafuta wastani, nikatafuta namba ya katikati, na nikaona kwa macho yangu kwamba gunia moja tu lililonyeshewa linaweza kuuvuta wastani wa soko zima wakati namba ya katikati haijasogea. Nikakumbuka jibu lako kwa yule mkulima aliyeleta magunia mawili, moja zuri na moja limeoza, akasema ukiyachanganya yanakuwa ya wastani. Ulimwambia, "Mzee wangu, Jumatatu nitapika lile bovu, Jumanne nitapika lile zuri. Hiyo siku ya wastani nitaipika lini?" Nilimsimulia Mwalimu Sikazwe, akaliandika kwenye daftari lake. Sijui ni madarasa mangapi yanakunukuu sasa.

Nyumbani mwenzangu alikuwa Eda. Niliweka maharage ya rangi mbili kwenye sufuria lenye mfuniko, yeye anachomoa bila kutazama, mimi naandika. Raundi ya kurudisha, raundi ya kutorudisha. Zile za kutorudisha alikuwa anazitia mfukoni mwa sweta la shule ili asinichanganye. Jumapili nikafua sweta bila kukagua mifuko. Siku ya tatu Baba alilianua kambani, akaingiza mkono, akatoa maharage yaliyovimba na mawili yameanza kuota. Akatutazama. "Hii nayo ni hesabu?" Eda akajibu haraka, "Ndiyo Baba, hizo ndizo zisizorudi!" Baba alikwenda kuzipanda karibu na bomba. Tulikula majani yake.

Halafu ukafika mtihani wenyewe.

Asubuhi hiyo Baba alinisindikiza mpaka barabara ya lami, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akaniambia, "Usikimbie. Ukuta unaokimbizwa hupinda." Nadhani ndiyo sala yake. Nilipofungua karatasi nilianza na lile jedwali la takwimu kwa sababu nililiona kama rafiki. Lilikuwa la uzito wa wanafunzi, kwa makundi, na namba moja imefichwa. Nikaipata. Nikairudia kutoka nyuma kwenda mbele, ikakubali.

Kisha likaja la uwezekano. Sanduku lina balbu kumi na mbili, nne ni mbovu. Zinachomolewa mbili, moja baada ya nyingine. Nikaweka kalamu pembeni ya swali nikaandika kwa herufi ndogo: inarudi au hairudi? Nikasoma tena, nikaona wameandika bila kurudisha. Hairudi. Wanataka uwezekano wa kupata angalau moja mbovu. Mkono ulitaka kukimbilia njia nyingi nyingi, nikauzuia. Nikasema, kwanza nitafute uwezekano wa kutopata mbovu hata moja. Nzuri ni nane katika kumi na mbili. Nikishatoa moja nzuri, zimebaki saba katika kumi na moja. Nikazidisha, nikafupisha, nikapata kumi na nne ya thelathini na tatu. Kilichobaki mpaka moja kamili ni kumi na tisa ya thelathini na tatu.

Nilitazama jibu hilo, Mama, na nikajua kwamba ni sahihi. Sikukisia na sikuomba liwe. Nilijua, kama wewe ulivyolijua gunia. Sijawahi kujisikia hivyo kwenye chumba cha mtihani. Nilinyoosha mgongo, nikavuta pumzi, nikafanya swali lililofuata, na hata yale niliyoshindwa nilishindwa kwa utulivu, nikaandika nilipofika na kwa nini nimekwama.

Matokeo yalitoka mwezi wa kwanza, Baba akiwa juu ya jukwaa anajenga nyumba ya mtu karibu na stendi. Nilikwenda pale kwa sababu fundi mwenzake ana simu kubwa. Fundi akatafuta namba yangu, akasoma masomo yote kwa sauti. Baba, juu kule, akasema, "Rudia ile ya hesabu." Akairudia. "Rudia tena." Akairudia. "Mara ya mwisho." Fundi akasema, "Mzee, ni B! Nikiisoma mara ya nne haitakuwa A!" Baba akashuka ngazi taratibu, akanawa mikono, akanawa na uso, akanawa uso tena. Kisha akampigia Shangazi Yustina na kuweka sauti ya nje.

"B ya nini?" Shangazi akauliza.

"Ya hesabu."

Tulisikia mafuta yakichemka kwenye kikaango kule Matai. Halafu Shangazi akasema, "Sasa mimi nani atanikandia hizi chapati?" Kisha akapiga kigelegele kirefu, mpaka wateja wake nao wakaitikia. Baba alicheka, Mama. Alicheka ameshika kiuno, na saruji inaanguka kutoka kwenye nywele zake. Nilikuwa sijausikia mcheko huo tangu uondoke, na nilikuwa nimeanza kudhani uliondoka nao.

Sokoni Mama Zuhura alipanda juu ya gunia akatangaza, "Mtoto wa marehemu kapata B! Leo kwangu hakuna kupunguziwa bei, nina furaha!" Wateja wakasema furaha gani hiyo. Akanipimia kopo zima la sado la kablanketi, na akasema nisirudishe hata punje moja.

Nimechaguliwa kidato cha tano, Mama. Uchumi, Jiografia na Hesabu, shule ya bweni huko Mbeya. Naondoka Jumatatu. Juzi tulikuwa tunajaza fomu ya kujiunga, mimi na Baba mezani. Jina la baba, kazi ya baba, fundi uashi. Jina la mama. Kazi ya mama. Baba akasema kwa upole, "Hapo andika marehemu." Nikamwambia, "Baba, hiyo siyo kazi." Akafikiri. Akasema, "Haya, andika iliyo kweli."

Nikaandika: mfanyabiashara wa maharage. Nafasi ilikuwa imebaki kidogo kwenye mstari, nikaongeza: na mwalimu wangu wa takwimu. Baba aliisoma. Akasema, "Watakuuliza alifundisha shule gani." Nikamwambia wakiuliza nitawajibu, na itachukua muda. Akachukua kalamu akatia sahihi yake ile ndefu chini ya ukurasa.

Mama, naagana nawe hapa, jua limeshaniacha na Eda anarudi na unga, namsikia anaimba. Sikuachi kaburini peke yako. Baba na Eda watakuja Kaengesa mvua zikianza, kupalilia na kupanda maua mapya. Mimi nakuahidi jambo moja, na nimelipima kabla ya kuliandika: nisipoelewa, nitasema sijaelewa. Huko ninakokwenda watakuwepo wanaojua kuliko mimi, na nitasimama mbele yao kwa sauti yangu hii hii na kuuliza. Ikikatika, nitangoja irudi, halafu nitaendelea.

Pumzika, Mama yangu. Umefaulisha.

Mwanao,
Letisia